Sura ya 4: Nianze na Linux Ipi?

Swali hili huja karibu kila mara kwa namna ileile. Mtu ana kompyuta mpakato aliyoinunua ya mtumba Kariakoo au Luthuli Avenue, Dell Latitude au HP EliteBook ya miaka kumi iliyopita, mashine ngumu isiyo na dalili ya kufa leo wala kesho. Ndani yake mna Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya masasisho ya Windows 10, na Windows 11 nayo inaikataa mashine hiyo kwa sababu prosesa yake ni ya zamani. Rafiki anamwambia, "Weka Linux, ni bure." Anakubali, anaingia mtandaoni, na hapo anakwama. Anakuta Ubuntu, Mint, Fedora, Debian, Zorin, Arch, Kali na mamia ya majina mengine, kila moja na mashabiki wake wanaoapa kwamba hakuna jingine.

Sura hii itakupa jibu, tena kwa majina. Lakini usilitafute jibu hilo kwenye orodha za "Linux kumi bora". Litafute kwenye maswali matatu yanayokuhusu wewe: kompyuta yako inafanya kazi gani, ina nguvu kiasi gani, na siku ukikwama nani atakusaidia. Hili la tatu ndilo wanaoanza hulisahau, na ndilo lenye uzito kuliko mengine yote.

## Mbona ziko nyingi hivyo?

Mfumo endeshi ni programu kuu inayoiongoza kompyuta tangu unapoiwasha hadi unapoizima. Windows ni mfumo endeshi. Android iliyo kwenye simu yako pia ni mfumo endeshi. Linux, kwa maana yake ya asili, ni sehemu moja tu ya mfumo huo: kerneli, yaani kiini kinachozungumza na prosesa, diski, kibodi na vifaa vingine kwa niaba ya programu zote.

Kiini hicho kilianza mwaka 1991, kazi ya Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Aliuweka msimbo wake wazi, na tangu 1992 uko chini ya leseni inayomruhusu yeyote kuutumia, kuubadilisha na kuusambaza, mradi naye asiwafungie wengine mlango. Kiini hikihiki ndicho kilichomo ndani ya Android, kwa hiyo huenda umetembea na Linux mfukoni miaka mingi bila kujua.

Lakini kiini peke yake hakiandiki barua wala hakifungui picha. Watu hukichukua, wakakiongezea madirisha, menyu, kivinjari na duka la programu, kisha wakakipa kifurushi kizima jina. Kifurushi hicho kamili huitwa distro. Kwa kuwa leseni inaruhusu, yeyote mwenye ujuzi na muda anaweza kutengeneza ya kwake, na ndiyo maana ziko mamia. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali.

Habari njema ni kwamba anayeanza hahitaji kuyaonja yote. Tofauti zitakazomgusa ni tatu:

- Ukoo. Distro nyingi zimejengwa juu ya nyingine. Debian ilianza 1993. Ubuntu ilijengwa juu ya Debian mwaka 2004, na Linux Mint ikajengwa juu ya Ubuntu mwaka 2006. Ndugu hawa hurithishana programu na hata majibu ya matatizo.
- Sura. Huu ndio mpangilio wa madirisha, menyu na mwambaa wa chini, ambao wataalamu huuita mazingira ya eneokazi. Majina utakayokutana nayo zaidi ni Cinnamon, GNOME, KDE Plasma na Xfce. Distro moja inaweza kutolewa kwa sura zaidi ya moja.
- Mwendo wa masasisho. Kuna zinazotoa toleo moja na kulitunza kwa miaka, na kuna zinazobadilika kila wiki.

Kwa ufupi: ndani ya distro zote mna kiini kilekile. Unachochagua ni ukoo, sura na mwendo wa masasisho.

## Swali la kwanza: kompyuta yako inafanya kazi gani?

Chukua karatasi uandike programu zote ulizofungua mwezi uliopita. Kwa watu wengi orodha itaishia kwenye kivinjari, Word, WhatsApp, muziki na filamu. Wenye orodha ya namna hiyo huhama bila shida. Firefox na Chrome zipo kwenye Linux, VLC ipo, Zoom ipo. Maombi ya mkopo wa wanafunzi wa HESLB na huduma za serikali za eCitizen hufunguka ndani ya kivinjari, na kivinjari hakijali mfumo upi uko chini yake.

Word ya kusakinisha haipo. Inayoshika nafasi yake ni LibreOffice, programu huria ya kuandika hati na kupiga hesabu za majedwali, inayofungua faili za docx na xlsx. Barua na ripoti za kawaida hufunguka vizuri. Hati yenye majedwali mengi na visanduku vya maandishi inaweza kuvurugika mpangilio. Mara nyingi chanzo ni fonti: Calibri na Times New Roman zina wenyewe, hivyo haziji na Linux. Badala yake kuna Carlito na Liberation Serif, ambazo herufi zake zimetengenezwa kwa upana uleule wa fonti hizo mbili ili mistari ikatike mahali palepale. Ukiona hati ya mtu imevurugika, kwanza hakikisha fonti hizo zimo.

Tumchukue mwenye steshenari, anayechapa kazi za wateja kuanzia asubuhi hadi jioni. Adui yake mkubwa ni flashi za wateja, zenye vile virusi vinavyoficha mafolda na kuacha njia za mkato mahali pake. Virusi hivyo vimeandikwa kwa ajili ya Windows, na kwenye Linux havipati pa kushika. Hiyo ni faida kubwa. Lakini wateja haohao huleta kadi za harusi zilizotengenezwa kwa Publisher, ambazo LibreOffice huzifungua kwa kusuasua. Mwenye kompyuta mbili afanye hivi: ya kupokelea flashi na kuchapa hati za kawaida iwe ya Linux, nyingine ibaki na Windows. Si lazima kuhama kwa miguu yote miwili.

Wapo pia wanaopaswa kuambiwa ukweli mapema. Mhasibu anayetumia Tally au QuickBooks ya kusakinisha, msanifu wa majengo anayetegemea AutoCAD na mtengeneza matangazo anayeishi ndani ya Photoshop hawatazikuta programu hizo kwenye Linux. Kuna programu iitwayo Wine inayojaribu kuendesha programu za Windows ndani ya Linux, na kwa baadhi inafaulu, lakini usiitegemee kwa kazi inayokulipia kodi ya nyumba. Watu hawa hakuna distro itakayowatatulia shida hiyo. Wabaki na Windows, au waweke mifumo yote miwili kwenye kompyuta moja na kuchagua wa kutumia kila wanapoiwasha.

Kwa ufupi: kama kazi zako ziko kwenye kivinjari na hati za kawaida, distro yoyote itakufaa. Kama riziki yako imo ndani ya programu moja ya Windows, suluhisha hilo kwanza.

## Swali la pili: mashine yako ina nguvu gani?

Namba ya kutafuta ni RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo programu hukaa zikiwa wazi. Ukiwa bado kwenye Windows, bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha bonyeza Enter. Kwenye dirisha litakalofunguka tafuta mstari wa RAM, usome ni GB ngapi. Kisha jipime hivi:

- GB 8 au zaidi: chagua unayoitaka. Nguvu ya mashine haitakuzuia.
- GB 4: Linux Mint yenye sura ya Cinnamon itakwenda. Ukiona inakuwa nzito, chukua Mint yenye sura ya Xfce, ambayo haina madoido mengi.
- GB 2: Mint ya Xfce au Lubuntu, ndugu mwepesi wa Ubuntu.
- Chini ya GB 2: antiX, iliyotengenezwa mahususi kwa mashine kongwe. Itawaka na itaandika barua, lakini usitarajie makuu.

Hapa wengi huingia mkenge. Husikia kwamba Linux ni nyepesi, wakaiweka kwenye mashine ya GB 2, wakafungua kurasa kumi na tano za kivinjari, mashine ikaganda, kisha wakailaumu distro. Mlaji mkubwa wa kumbukumbu siku hizi ni kurasa za wavuti zenyewe, na ukurasa wa Facebook haupungui uzito kwa sababu umefunguliwa kwenye Linux. Distro nyepesi huokoa sehemu tu ya kumbukumbu, na nyingine inategemea nidhamu yako ya kufunga kurasa usizozitumia.

Kama una fedha kidogo ya kuitengeneza mashine, angalia diski kabla ya jambo lingine. Mashine nyingi za mtumba huja na diski ya kuzunguka. Fundi akiibadilisha kwa SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka, kuwaka kwa mashine na kufunguka kwa programu kutaharakishwa kuliko distro yoyote inavyoweza.

Jambo la mwisho ni umri wa prosesa. Ubuntu na Linux Mint za kawaida za sasa zinahitaji prosesa ya biti 64. Mashine nyingi zilizotengenezwa baada ya mwaka 2008 zinayo. Mstari wa "System Type" kwenye dirisha lile la msinfo32 ukiandika x64, uko salama. Ukiandika X86, muulize fundi kwanza, kwani huenda prosesa ni ya biti 64 lakini iliwekewa Windows ya biti 32.

Kwa ufupi: RAM ndiyo inayoamua uchukue sura ipi. SSD huleta kasi kuliko jina la distro.

## Swali la tatu: ukikwama, nani atakusaidia?

Utakwama. Printa itakataa, au sauti itapotea baada ya kuchomeka televisheni. Kwenye Windows ungempigia fundi yeyote wa mtaani naye angejua pa kuanzia. Kwenye Linux fundi huyo huenda hajawahi kuigusa. Kwa hiyo distro nzuri kwa anayeanza ni ile ambayo jibu lake linapatikana upesi.

Majibu hupatikana sehemu mbili. Ya kwanza ni mtandaoni, na huko ukoo wa Ubuntu una hazina kubwa kwa sababu umetumiwa na wanaoanza tangu 2004. Kwa kuwa Mint imejengwa juu ya Ubuntu, majibu mengi yaliyoandikwa kwa Ubuntu humfaa pia mwenye Mint. Hii ndiyo faida ya kuchagua ukoo wenye watu wengi. Ukichagua distro ya watu wachache, hata iwe nzuri vipi, utaandika tatizo lako kwenye kisanduku cha kutafuta na kupata ukimya.

Sehemu ya pili ni mtu wa karibu: binamu anayesoma kompyuta chuoni, mwalimu wa TEHAMA shuleni kwako, kijana wa ofisi ya jirani. Majibu mengi ya mtandaoni yameandikwa kwa Kiingereza. Juhudi za kuileta teknolojia hii kwa Kiswahili zimekuwepo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, kutoka ukoo uleule uliozaa LibreOffice. Hata hivyo, menyu zikiwa kwa Kiswahili, maelezo marefu ya kutatua matatizo bado ni ya Kiingereza. Mtu anayeweza kukaa kando yako na kukuelekeza kwa lugha yenu ana thamani kuliko nyota tano za distro yoyote. Muulize anatumia ipi. Akisema Fedora, na ukawa unamwona kila Jumapili, basi Fedora ni chaguo la busara kwako hata kama kitabu hiki kinapendekeza nyingine.

Kuna pia suala la bando. Distro inayobadilika kila wiki inaweza kukudai mamia ya MB mara kwa mara, na unayetumia intaneti ya simu utaihisi mfukoni. Tafuta toleo la muda mrefu, linaloandikwa LTS. Ubuntu hutoa LTS kila Aprili ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, na hulitunza kwa miaka mitano. Namba 24.04, kwa mfano, maana yake ni Aprili 2024, na matunzo yake ya kawaida yanafika 2029. Mint 22 imejengwa juu ya toleo hilohilo na inatunzwa hadi mwaka huohuo. Fedora hutoa toleo jipya takriban kila miezi sita na kulitunza kwa takriban miezi 13 tu, kwa hiyo angalau mara moja kwa mwaka utapakua mengi.

Kwa ufupi: chagua ukoo wenye majibu mengi, toleo la LTS, na ikiwezekana ile anayoitumia mtu unayemjua.

## Majina ya kuchagua

Linux Mint. Ilianzishwa mwaka 2006 na Clement Lefebvre. Menyu iko chini kushoto, mwambaa uko chini, saa iko kona ya kulia, na LibreOffice imo tayari. Aliyezoea Windows hupata pa kushika tangu siku ya kwanza. Ina chombo kiitwacho Timeshift kinachohifadhi hali ya mfumo, ili sasisho likiharibu kitu urudi nyuma. Kama umejibu maswali matatu na hakuna lililokusukuma kwingine, hii ndiyo ya kuanzia.

Ubuntu. Ilianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2004. Hadi mwaka 2011 kampuni yake, Canonical, ilituma CD kwa posta bila malipo kwa walioomba, popote walipo duniani. Sura yake, GNOME, iko mbali zaidi na Windows, hivyo itakuchukua siku chache kuizoea. Inamfaa hasa mwanafunzi wa kompyuta, kwa sababu Ubuntu hutumika sana kwenye seva, na atakachojifunza nyumbani kitamfaa kazini.

Zorin OS. Ilianzishwa Ireland na ndugu wawili, Artyom na Kyrill Zorin, nayo imejengwa juu ya Ubuntu. Imepambwa kwa makusudi ya kumpokea mtu wa Windows. Toleo la Core ni bure, la Pro hulipiwa, na la bure linamtosha anayeanza.

Fedora. Ilianza 2003 na inadhaminiwa na kampuni ya Red Hat. Hupata kerneli mpya mapema, hivyo inaifaa mashine mpya ambayo vifaa vyake havijatambuliwa na matoleo ya zamani. Hitaji lake ni intaneti ya uhakika.

Na mbili za kuziacha kwa sasa. Ya kwanza ni Kali, ambayo vijana wengi huikimbilia baada ya kutazama video za udukuzi. Kali, iliyotoka 2013, ni sanduku la zana za wapimaji wa usalama wa mitandao, na watengenezaji wake wenyewe hawaipendekezi kwa mtu asiyeijua Linux. Zana kama Nmap na Wireshark unaweza kuzisakinisha hata ndani ya Mint. Ya pili ni Arch, inayokutaka uijenge mwenyewe kipande kwa kipande na ambayo haiachi kubadilika. Ni shule nzuri, ila si ya darasa la kwanza.

## Jaribu kabla ya kusakinisha

Distro zote nilizozipendekeza hapo juu zinaweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Tumia fursa hiyo.

1. Tafuta flashi ya GB 8. Kila kilichomo kitafutwa, kwa hiyo kihamishe kwanza.
2. Pakua faili la distro kutoka tovuti yake rasmi. Mint ni karibu GB 3, Ubuntu ni karibu mara mbili ya hapo. Kama bando ni ghali, pakua chuoni au kazini, au mwombe aliye nalo akunakilie.
3. Hakiki faili. Tovuti huonyesha alama ya utambulisho, mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe. Alama ya faili lako ikitofautiana na ile, faili limekatika njiani au limechezewa. Hili si jambo la kufikirika: Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint na kuwaelekeza watu kwenye faili lililopandikizwa mlango wa siri.
4. Liandike faili kwenye flashi kwa programu ya Rufus au balenaEtcher. Kulinakili tu hakutoshi.
5. Zima kompyuta, chomeka flashi, washa huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia. Kwa Dell na Lenovo mara nyingi ni F12, kwa HP ni F9.
6. Mfumo ukishafunguka, kagua Wi-Fi, sauti, kamera, mwanga wa skrini na printa. Funika mashine ilale, kisha ifunue uone kama inaamka. Usijali ikiwa nzito kidogo, kwani flashi ni ya polepole kuliko diski.

Kifaa kikikataa, hasa Wi-Fi, jaribu kuunganisha intaneti kwa waya wa USB kutoka kwenye simu, kisha fungua kidhibiti cha draiva, yaani programu ndogo zinazowezesha mfumo kuzungumza na vifaa. Ikishindikana, jaribu toleo jipya zaidi au distro nyingine. Ni afadhali kuligundua hilo leo kuliko baada ya kufuta Windows.

Kabla ya kusakinisha, nakili hati na picha zako nje ya kompyuta. Kama utaacha Windows ibaki kando ya Linux, angalia iwapo diski imefungwa kwa BitLocker, kifungio cha diski cha Windows, na kama imefungwa, hifadhi ufunguo wake wa kurejesha mahali pengine. Bila ufunguo huo unaweza kufungiwa nje ya mafaili yako mwenyewe.

## Muhtasari wa sura

- Huna la kipekee: anza na Linux Mint Cinnamon.
- Mashine ni dhaifu: Mint Xfce au Lubuntu.
- Unasomea kompyuta: Ubuntu LTS.
- Mashine ni mpya na intaneti ipo: Fedora.
- Riziki yako iko kwenye programu ya Windows: usiifute Windows.

Ukishasakinisha, kaa na distro hiyo angalau mwezi mmoja. Wanaoanza wengi huhama kila wanapokutana na tatizo, wakaishia kuzijua skrini za usakinishaji na kutolijua duka la programu. Matatizo mengi ya mwanzo, kama printa na fonti, yatakufuata kwenye distro nyingine pia. Na kama baada ya maswali yote matatu umebaki na majina mawili yanayokuvuta sawa, usirudi kwenye orodha za mtandaoni. Chukua lile linalotumiwa na mtu unayeweza kwenda kumgongea mlango.